Mama Gaudensia na Bambo la Kwenye Kompyuta

Vijana wangu wa ofisi ya programu, ujumbe wenu nimeupata. Mmeniandikia kwa adabu, shikamoo mbili mwanzoni na moja mwishoni, nikajua hapohapo kuna kitu mnataka kuvunja. Mnasema mnasafisha ile maktaba ya programu niliyowaachia, na humo mmekuta kisaidizi cha mistari minne kinachoitwa gaudensia. Kinapokea kitu, kinakionyesha kwenye kioo cha kompyuta, halafu kinakirudisha kilivyokuwa. Kwa hiyo mmeuliza: "Mzee, hakifanyi chochote. Tukifute?"

Msikifute. Subirini kwanza nisogeze kiti juani, maana baridi ya Sumbawanga mwezi huu inagandisha hata maneno mdomoni, mkaja kupata habari nusu.

Na kama kuna mtu atasomewa barua hii naye haijui kazi yetu, ajue kwamba maktaba ninayoisema haina vitabu. Ni kama sanduku la fundi seremala. Kila kisaidizi ndani yake ni kifaa kimoja chenye kazi moja: hiki kinasoma tarehe, kile kinapanga majina. Unachukua sandukuni, unatumia, unaendelea na safari bila kuchonga nyundo mpya kila asubuhi.

Sasa, kabla sijawa mtu wa kompyuta nilikuwa mtu wa bambo. Ninyi mmezaliwa mjini, pengine hamjaliona. Bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji, kama kijiko kilichokondeshwa na njaa. Unakichoma ubavuni mwa gunia, punje zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani, unaziangalia: zimekauka, zina wadudu, au mwenye gunia ameweka mazuri juu na mabovu katikati? Nilifanya kazi hiyo Laela kwenye ghala moja la nafaka, na ukihesabu magunia niliyoyatoboa, naamini hakuna hindi la Ufipa ambalo sikufahamiana nalo kwa sura.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Desderi, mtu mfupi, mpole, mwenye koti la sufu ambalo nadhani alizaliwa nalo. Wenye mabambo wengine walikuwa na debe chini ya meza. Punje zikishaangaliwa, zinadondokea debeni. Kidogo kidogo, gunia kwa gunia, jioni debe limejaa na mtu anaondoka nalo akipiga mluzi. Mzee Desderi hakuwa na debe. Yeye alichoma, akaangalia, halafu akazimimina punje kwenye tundu lilelile, akasugua nyuzi za gunia kwa ncha ya bambo mpaka tundu likajifunga.

"Bwana mdogo," aliniambia siku ya kwanza, "gunia si lako. Wewe umeazimwa macho tu."

Kuku wa nyumbani kwake walikuwa wamekonda kuliko kuku wote wa Laela, naye aliwaonyesha wageni kwa majivuno.

Nimelisikia somo hilo kila siku kwa miaka. Kumbukeni hivyo, kwa sababu mbele huko mtanikuta nimelisahau.

Kompyuta niliijua ukubwani, kwenye masomo ya jioni pale Kizwite. Darasa letu lilikuwa na watu arobaini na mashine mbili, na moja kati ya hizo ilikubali herufi kubwa tu, kwa hiyo kila ulichoandika kilionekana kama unagombana na mtu. Umeme ukikatika, mwalimu wetu aliendelea ubaoni kwa chaki. Yeye akisema mstari, mmoja wetu anajifanya kompyuta na kuutekeleza. Mimi nilikuwa kompyuta mara nyingi kwa sababu ya ukubwa wa umbo. Nilihitimu wa kwanza katika darasa zima, ingawa siku ya mtihani kulinyesha na tulifika watatu.

Njia ya kwanza niliyofundishwa ya kusaka kosa kwenye programu ni kupiga kelele. Ni kama mtu anayeingia nyumba ya giza asiyoijua, kila chumba anabisha hodi. Unachomeka katikati ya programu mstari unaosema "nimefika hapa". Ukiuona kwenye kioo, unajua programu imefika pale salama. Usipouona, imeanguka njiani. Mimi nilichomeka mistari hiyo kila mahali, nadhani ukiinyoosha yote ingefika Matai na kurudi. Na kwa kuwa kusaka makosa kunachosha, maneno yangu yalianza kuwa na hasira. Yakatoka kwenye "nimefika hapa" yakawa "na hapa je", baadaye yakawa matusi ya nyumbani.

Ghala la Laela lilikuwa limenirudisha kazini, safari hii kama mtengeneza programu. Siku moja nikasahau kuondoa mstari mmoja, na badala ya kutokea kwangu ukaenda kwenye printa. Stakabadhi ya kwanza kutoka ilikuwa ya Mzee Masanja, mmoja wa wafugaji waliohamia kwetu na familia zao kutoka Usukumani, mtu wa mahindi mengi na ng'ombe wengi zaidi. Aliisoma karatasi taratibu, akaja dirishani.

"Karani, hapa chini ya uzito pameandikwa 'wewe ng'ombe uko wapi'."

"Samahani sana mzee."

"Wangu wako bondeni na mwanangu. Mnawatakia nini?"

"Hapana mzee, ni kompyuta ilikuwa inajisemea."

"Inajisemea juu ya ng'ombe wangu?"

"Juu ya kosa lake yenyewe."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Basi iambie ng'ombe wangu hawana kosa." Nilisikia baadaye kwamba aliwahamishia malisho mengine, ng'ambo ya mto, wakakaa huko mpaka alipohakikisha kompyuta imetulia.

Hapo ndipo nilipoacha kelele nikatengeneza kisaidizi. Kazi yake moja tu: ukikichomeka mahali popote kwenye programu, kinachungulia kilichopo na kukionyesha kwenye kioo changu mimi, si kwenye printa, si kwa Mzee Masanja. Na kilikuwa na swichi moja ya kukizima popote kilipo. Mistari mitatu. Nikakiita bambo. Nawaambia, nilitembea Laela siku ile kama mtu aliyevumbua baiskeli.

Na kweli kilinisaidia. Mkiniuliza siri ya kusaka makosa, nitawaambia tengenezeni vifaa vidogo vya kuchungulia, mvipe majina ambayo mtayakumbuka hata mkiwa na homa, na kila kimoja kifanye jambo moja. Kisaidizi kinachochungulia, kinachopanga na kinachotuma ujumbe kwa pamoja, hicho si kisaidizi, ni mjomba aliyekuja kukaa.

Sasa twende kwa Mama Gaudensia.

Msimu mmoja baadaye mahindi yalikuwa mengi hadi wakulima wakawa wanayakanyaga. Nje ya ghala magunia yalipangwa uwanjani, kila mtu kalala na yake, turubai juu, moto wa chai pembeni. Zamani kupata mizani ilikuwa vita. Mwenye ndugu ndani anaitwa asubuhi, asiye na ndugu anaota mizizi. Msimamizi wetu, Bwana Anatoli, mtu wa haki na wa sauti kubwa, ndiye aliyeniagiza programu ya foleni. Unaandikishwa siku unayofika. Kila asubuhi programu inawapanga wote ambao hawajapimwa, aliyetangulia kufika anakaa mbele, halafu karani kwenye kipaza sauti anaita jina moja moja. Bwana Anatoli akasimama juu ya ngazi akatangaza: "Kuanzia leo hakuna kupimwa bila kuitwa. Kompyuta haina shangazi." Watu wakashangilia. Mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama bwana harusi.

Wa kwanza kuandikishwa alikuwa Mama Gaudensia, mjane wa makamo ya mama yangu mdogo, aliyelima kwa mkono wake mwenyewe. Alileta magunia thelathini na moja, mavuno yake yote ya mwaka. Kwa siku ile alikuwa wa kwanza, kwa hiyo alivaa kitenge kipya akasimama karibu na mizani.

Karani akaita mtu mwingine. Halafu mwingine. Mpaka jioni.

Akaja dirishani kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, mbona sijaitwa?"

Nilikuwa tayari nimechomeka bambo pale foleni inapoanza, ili nione kila kukicha kama mambo yamekaa sawa. Nikatazama kioo. Jina la kwanza: Gaudensia. "Mama, upo," nikamwambia. "Tena wa kwanza kabisa. Nimekuona kwa macho yangu. Pengine hukusikia."

Siku ya pili ikawa vilevile. Bambo linanionyesha Gaudensia wa kwanza, nje wanaita wengine. Siku ya tatu tukamhamishia chini ya kipaza sauti. Alikaa pale kutwa nzima, kichwa karibu kiguse spika, na jioni alikuwa anaongea na watu kwa kufoka kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Lakini jina lake hakulisikia, maana halikuitwa.

Na sasa tuongee ukweli. Bwana Anatoli angeweza kumpima tu, yakaisha. Nilimwomba. Akanivuta kando.

"Nikimpima huyu bila kuitwa, kesho nina mama wakubwa mia mbili hapa mlangoni. Wewe si ulisema kompyuta haikosei?"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema mbele ya ngazi."

Uwanjani maneno yakaanza. Mnajua mkoa wetu ulivyo na sifa ya uchawi. Mtu wa mbali akisikia unatoka Sumbawanga, anakuuliza habari za radi kabla hajakuuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo mlinzi akasema jina la mama limefungwa. Muuza mandazi akasema limefungwa tangu utoto. Mmoja akamshauri ajiandikishe upya kwa jina jingine.

"Jina hili nilibatizwa nalo," Mama Gaudensia akasema. "Silibadilishi kwa ajili ya sanduku."

Siku ya tano nikaamua kulisaka kosa kiume, yaani vibaya. Nikachomeka bambo la pili, hatua chache mbele ya lile la kwanza. Asubuhi bambo la kwanza likanionyesha Gaudensia, la pili likanionyesha Masanja. Nikafurahi. Nikasema foleni inatembea, tazama, huyu kapita na huyu kafuata. Jioni dirishani walikuja watu wawili.

"Karani," akasema Mzee Masanja, "mwaka ule mlitafuta ng'ombe. Mwaka huu mmenipoteza mwenyewe."

Hapo kijana mwenye akili angesimama akajiuliza: nilikuwa na bambo moja, akapotea mtu mmoja. Nimeweka mawili, wamepotea wawili. Nikiweka kumi itakuwaje? Mimi sikujiuliza. Nililiondoa bambo la pili, Mzee Masanja akaitwa kesho yake asubuhi, akapimwa, akaenda zake, nami nikaandika kwenye daftari: "Tatizo la Masanja limejitatua." Naomba mnielewe, nililiamini bambo langu kuliko nilivyoamini mawazo yangu. Ndicho kifaa pekee kilichokuwa kinaniambia mama yupo. Ningekitilia shaka vipi?

Siku ya nane mawingu yakaja. Si yale ya kupita. Haya yalikaa juu ya milima, meusi, yamejipanga kama magunia. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha Matai, madereva walituambia. Uwanjani watu wakaanza kukaza kamba. Turubai la Mama Gaudensia lilikuwa na matundu ya miaka mingi. Na kanuni ya ghala mnaijua: mahindi yakilowa hayapokelewi, hata yawe ya nani. Yangeota ukungu palepale, na mwaka wake mzima ungeishia kuwa chakula cha nguruwe wa jirani.

Aliingia ofisini bila kubisha, akaketi juu ya gunia tupu lililokunjwa, akaweka mikono magotini.

"Nieleze," akasema.

"Nikueleze nini, mama?"

"Hiyo mashine. Inaanza wapi, inafanya nini, inaishia wapi. Sitoki hapa."

Nilitaka kumwambia ni mambo ya kitaalamu. Nikamtazama usoni, nikaona afadhali nieleze. Nikageuza kioo kimwelekee, nikaanza na mstari wa juu, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye masomo ya jioni umeme ukikatika.

"Hapa naleta majina yote ya ambao hawajapimwa."

"Mimi nimo?"

"Umo. Hapa nayapanga, aliyetangulia anakaa mbele."

"Wa mbele nani?"

"Wewe. Hapa naiweka foleni tayari. Zamani ilikuwa orodha, kama karatasi iliyobandikwa ukutani, watu mia wanaisoma na majina yapo palepale. Mwaka huu nimeweka foleni ya kweli. Hii ukimchukua wa mbele, ametoka, wa nyuma anasogea. Ndiyo inavyotakiwa, karani asije akamwita mtu mara mbili."

"Enhe."

"Halafu hapa nachomeka bambo."

Akainua macho. "Bambo? Lile la magunia?"

"La kwenye kompyuta. Linachukua jina lililo mbele, linanionyesha mimi. Ndilo linaloniambia kila siku kwamba upo. Halafu hapa chini karani anaanza kuita."

Mama Gaudensia akakigusa kioo kwa kidole, pale penye bambo. Nje turubai la mtu lilipigwa na upepo.

"Hilo jina bambo lililochukua," akasema, "umelirudisha?"

Vijana, nimepigwa na ng'ombe, nimeanguka kutoka juu ya lori la mahindi, na niliwahi kukutana na fisi njia ya Kizwite yeye akakimbia na mimi nikakimbia. Hakuna kilichowahi kunitoa pumzi kama swali lile. Mistari yangu mitatu: chukua, onyesha, endelea. Nililiandika bambo lile enzi za orodha ya ukutani, ambayo kuisoma hakuipunguzi. Kwenye foleni, kuchukua ni kuondoa. Kila asubuhi, kwa siku nane, nilimtoa mama wa watu kwenye foleni kwa mkono wangu, nikatazama jina lake kiganjani, nikatabasamu, nikalitia debeni. Na kwa kuwa hakupimwa, kesho yake alirudi kuwa wa mbele tena, nami nikamtoa tena. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Desderi.

"Sijalirudisha, mama," nikasema.

"Basi lirudishe."

Mstari wa nne ndio huo. Rudisha ulichochukua, mahali palepale ulipokitoa. Niliuandika mara tatu ndipo ukakaa sawa. Nikawasha programu upya, bambo likanionyesha Gaudensia, na kabla sijageuka, nikasikia kwenye kipaza sauti jina lile likipigwa Laela nzima. Watu wakageuka kutazama spika. Halafu muuza mandazi akasema, "Limefunguka," na mpaka leo kuna watu hawaambiliki, wanajua tulimwita mtaalamu wa kufungua majina kutoka bondeni.

Magunia thelathini na moja niliyabeba mimi mwenyewe mgongoni. Ninaposimulia kwa wageni huwa ni mia na hamsini, lakini ninyi mna rekodi. Bwana Anatoli alibeba mawili, kimyakimya, akasema ni mazoezi ya kiuno. Gunia la mwisho lilivuka kizingiti na matone ya kwanza yakanipiga kisigino.

Ndani, mwenye bambo wa zamu alikuwa kijana mgeni. Akachoma gunia la kwanza, akaangalia punje, akasema "kavu," akataka kuzidondosha pembeni. Mama Gaudensia akamshika kifundo cha mkono.

"Tunduni," akasema.

Punje zikarudi tunduni. Gunia la pili, vivyo hivyo. Mpaka la thelathini na moja, hakumwachia mkono. Punje moja tu ilianguka sakafuni. Akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi, akaja nayo mpaka kwangu, mimi nimelowa jasho nimeegemea mlango.

"Hii," akasema, "kaiweke pale ulipokuwa unalipoteza jina langu."

Sikuthubutu kukiita kisaidizi kile bambo tena. Nikakipa jina lake. Nilipomweleza, akasema alidhani tumekwisha kuelewana kwamba asiingizwe kwenye hiyo mashine, lakini hakuniambia nilifute.

Siku hizi mna vifaa vya kusimamisha programu katikati na kuitazama ndani kama injini ya gari iliyo wazi. Vizuri sana, vitumieni. Mimi ningetamani ningekuwa navyo, ingawa ninavyojijua ningewasha vyote kwa pamoja nikapoteza na mlinzi. Lakini kifaa chochote cha kuchungulia, kabla hamjakiamini, kiulizeni lile swali la mama. Na kosa likiwashinda, tafuteni mtu asiyejua kompyuta, mketisheni, msomeeni mstari kwa mstari. Msichague anayewaogopa.

Kuhusu kukifuta, ninyi ndio wenye ofisi sasa, siwezi kuwazuia. Ila kwenye meza niliyoacha, droo ya kushoto, nyuma kabisa, kuna kiberiti kisicho na njiti. Ndani yake mna punje moja ya hindi, pengine imetobolewa na mdudu dumuzi kwa sasa. Kifungueni mwitazame wote, mmoja mmoja. Halafu irudisheni.